Zc(3900): chembe ambayo chaji yake imeikatalia kujificha

Ukitaja chembe mpya watu akili inakimbilia CERN, ile maabara ya Ulaya wanakogonganisha protoni, ila kwenye mambo ya kwaki ya chamu (kwaki ni vijichembe vinavyounda protoni na wenzake, chamu ni aina moja nzito) mimi macho yangu yako Beijing, China, na Tsukuba, Japani, kule wanakogonganisha elektroni na positroni, yaani elektroni yenye chaji chanya. Protoni zina vitu kibao ndani, ukizigonganisha hujui kipi kimegonga kipi. Elektroni na positroni kwa tunavyojua hazina vipande, zikikutana zinapotea zote, na nishati uliyoanza nayo unaijua kabisa, kwa hiyo hata chembe ambayo kigunduzi hakikuiona unaipata kwa kutoa tu.

Ndo hivyo SLAC, maabara ya Marekani, walivyoinasa chembe ya J/psi mwaka 1974, timu ya Burton Richter wanapandisha nishati kidogo kidogo mara matukio yanaruka ghafla karibu na GeV 3.1, kipimo cha nishati kinachotumika hata kwa uzito wa chembe (Samuel Ting naye aliipata kwa njia yake kule Brookhaven, maabara nyingine ya Marekani, ndo maana ina majina mawili). J/psi ni kwaki ya chamu na antichamu, pacha wake wa chaji kinyume, basi.

Miaka ikapita, 2003 timu ya Belle ya Japani wakaleta chembe X(3872), halafu 2005 timu ya BaBar ya SLAC wakaja na Y(4260), zote hazikai vizuri kwenye orodha ya nadharia lakini hazina chaji, so mbishi bado angeweza kusema aah hiyo ni chamu na antichamu tu imepinda kidogo.

Sasa 2013 ndo raha yenyewe. Timu ya BESIII ya Beijing wakaseti mashine yao GeV 4.26, pale pale kwenye ile Y, wakawa wanatafuta J/psi na pioni mbili (pioni ni mesoni nyepesi, yaani chembe ya kwaki na antikwaki). Kwenye kigunduzi unaona njia nne tu, pioni chanya, pioni hasi, na elektroni na positroni au muoni mbili (ndugu wazito wa elektroni) ambazo J/psi imevunjikia. Unachukua pioni moja unaiunganisha na J/psi, unapiga hesabu ya uzito wao wa pamoja, unafanya hivyo kwa kila tukio unachora grafu... na pale karibu na GeV 3.9 kuna kilima, matukio kama 300 hivi, ndo Zc(3900) yenyewe. Belle nao wakakiona kipindi hichohicho.

Na hicho kitu kina chaji! Kimetoa J/psi, kwa hiyo chamu na antichamu zimo, lakini chaji zao jumla ni sifuri, sasa chaji imetoka wapi? Lazima kuna kwaki nyingine mbili humo ndani, yaani angalau nne, hapo mbishi hana pa kutokea.

Kinachogombaniwa ni zimepangikaje, mesoni mbili zimeshikana kilegevu kama molekuli au zote nne ni donge moja, na wengine wanasema kilima ni athari tu ya kizingiti, yaani nishati inapotosha kuunda mesoni D na D* (kila moja ina chamu au antichamu pamoja na kwaki nyepesi). X(3872) mimi naipa molekuli bila shida maana uzito wake karibu ni sawasawa na jumla ya D na D*. Zc ndo nasitasita, iko juu kidogo ya jumla hiyo, na molekuli ya kawaida inatakiwa iwe nyepesi kuliko vipande vyake.