Upatu wa Bibi

Juzi tumesoma hitima ya arobaini ya Bibi. Nyumba ilijaa, ubwabwa ukaliwa, watu wakaondoka wakimsifu: mcha Mungu, mpishi, aliyelea watoto sita peke yake. Mzee mmoja wa ukoo aliyeombwa kusema machache juu ya marehemu aliyasema yote hayo, tena vizuri. Ngoma hakuitaja. Nimelala nalo jambo hilo siku mbili, leo nimeona niandike.

Bibi alikuwa mcheza lelemama. Si wa kuingia mara moja moja harusini. Alikuwa na chama, na sare, na nafasi yake katika safu, wa tatu kutoka kulia, hapa hapa Kariakoo, miaka ya hamsini.

Aliyezoea ngoma za siku hizi angeiona lelemama imepoa. Wanawake husimama safu moja, bega kwa bega, miguu karibu haihami. Kazi yote ni ya mikono, mabega na shingo, taratibu, na ukipinda kiganja kabla ya wenzako umeharibu safu nzima. Mimi alinifundishia uani, tukisubiri vitumbua vigeuke rangi. Nilikuwa na pupa. "Usikimbie, mke mwenzangu," ananiambia. "Msikilize wa ubavuni kwako." Alikuwa amepita miaka 70 wakati huo, na viganja vyake viligeuka kama jani linaloelea majini.

Ngoma hiyo ndiyo iliyomwingiza kwenye siasa. Mwaka 1955 TANU, chama cha kudai uhuru wa Tanganyika, ilikuwa changa, na Bibi Titi Mohamed, mwenyewe mwimbaji kiongozi wa kikundi cha Bomba, alikuwa anavifuata vikundi vya wanawake wa mjini kutafuta wanachama. Alijua pa kwenda. Wanawake hawakuwa na ofisi wala baraza, lakini walikuwa na ngoma, na ndani ya ngoma walikuwa na viongozi wanaosikilizwa. Mkubwa wa chama cha ngoma cha Bibi yangu alikata kadi ya TANU, safu yote ikakata. Babu, aliyekuwa akifanya kazi bandarini, alikata yake miezi kadhaa baadaye, na Bibi hakumwacha asahau. Usiku wa Uhuru, wa kuamkia 9 Desemba 1961, alikuwa na mimba ya mama yangu, kubwa, na bado alisimama mahali pake. Mama alizaliwa Januari.

Babu alifariki 1974. Bibi alikaa eda, miezi minne na siku kumi, na alipotoka hakurudi tena kwenye safu. Nilimwuliza kama aliona ngoma ni dhambi. Aliniangalia sana. "Mikono ilikuwa na kazi," akasema.

Ila wale wanawake hawakumwacha. Kwenye ngoma mlikuwa na upatu, lile sinia la shaba linalopigwa kwa kijiti. Na wenyewe kwa wenyewe walikuwa wakicheza upatu wa pesa, kila mmoja anatoa, mmoja anapokea, zamu inazunguka. Bibi akafanywa kijumbe, wa kukusanya na kutunza pesa hizo. Kwa upatu huo mama na ndugu zake walivaa sare za shule, na mjomba mkubwa akapata cherehani iliyomlisha mpaka uzeeni. Ilipofika ile miaka ya themanini mwanzoni, ya foleni za sukari na sabuni, dukani khanga hakuna, Bibi alifungua sanduku akatoa doti za ngoma alizokuwa amezihifadhi bila kuzifua, akaziuza moja moja. Alibakiza moja tu. Ndiyo tuliyomfunikia jeneza.

Kwa hiyo mtu akiniambia tuseme malezi yake tuiache ngoma, sijui aanzie wapi kuyatenganisha. Walioshika mkono wake alipofiwa ni wale wale waliosimama ubavuni kwake. Uaminifu wa kutunza pesa za wenzake miaka zaidi ya arobaini, bila shilingi kupotea, aliujengea pale, kwenye kusubiri kiganja cha jirani kigeuke ndipo na chake kigeuke.

Kwenye mazishi familia ilitangaza, kama ilivyo desturi, mwenye kumdai marehemu ajitokeze. Hakutokea mtu. Siku ya tatu walikuja wanawake wanane, wengi wao mabinti na wajukuu wa wale wa zamani, na daftari. Zamu ya mwezi ule ilikuwa ya Bibi. Walikuwa wamekusanya kamili, wakaweka pesa juu ya mkeka mbele ya mama, noti za elfu kumi kumi, nyingine zimekunjwa ndogo kama zilizotoka kwenye pindo la khanga.

Mama alizihesabu mara mbili. Akaomba kalamu, akafungua daftari, akatoa fungu lake la mwezi unaofuata, na chini ya jina la Bibi akaandika la kwake.