MP3 yangu ya Kariakoo

Simu ninayo, lakini muziki nausikilizia kwenye MP3 ndogo kama kiberiti, niliyoinunua Kariakoo. Naibana kwenye ukosi wa shati, napanda daladala, simu inabaki mfukoni na chaji yake. Haina kioo, vitufe tu, na kidole kimeshavizoea hata gizani.

Wengi hawajui: MP3 za bei hii mara nyingi hazifuati alfabeti, zinapiga nyimbo kwa mpangilio zilivyoingizwa kwenye kadi. Basi mimi naingiza wimbo mmoja mmoja, taarabu kwanza, dansi baadaye. Kadi ya GB 4 inatosha kabisa, maana kwa ubora wa sauti wa kbps 128 (kilobiti 128 kwa sekunde) dakika moja ya wimbo hula takriban MB 1. Na taarabu ndefu nazipata nzima, hakuna tangazo wala simu ya mtu kunikatizia fidla. Raha sana!