Leza ya Bastola kwa Macho ya Mzee: Uzoefu Wangu Malindi

Mimi ni sonara hapa Malindi, na kwa miaka kadhaa nimekuwa na bastola ya kujilinda kwa cheti cha Bodi ya Leseni za Silaha. Nilipovuka umri wa miaka 55, uwanja wa shabaha ulianza kunitia wasiwasi. Nikivaa miwani ya kusomea, alama ya kulengea iliyo mbele ya bastola ilionekana wazi lakini shabaha ikafifia. Nikiivua, shabaha ilirudi na ile alama ikageuka kivuli. Ndipo nilipoamua kufunga chini ya mtutu leza, kifaa kidogo kinachotupa nukta ya mwanga pale bastola inapoelekea, baada ya kumuuliza kwanza afisa anayeshughulikia cheti changu kama naruhusiwa.

Nilianza na leza nyekundu. Usiku, kwenye ukuta uliopakwa chokaa, nukta yake iling'aa vizuri, lakini saa nne asubuhi uwanjani, jua likiwa limewaka juu ya mchanga mweupe, sikuiona kabisa katika umbali wa mita 10. Nikabadilisha, nikachukua ya kijani. Mchana jicho la mwanadamu huhisi zaidi mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 555 hivi, na kijani ya nanomita 520 au 532 iko karibu na hapo kuliko nyekundu ya 650. Hata hiyo hufifia jua la adhuhuri, na baadhi ya leza za kijani hula betri haraka, kwa hiyo sikuziondoa alama za chuma za kulengea wala sikuacha kuzifanyia mazoezi.

Kuilinganisha leza na mahali risasi zinapopiga kulinichukua asubuhi nzima. Leza yangu iko sentimita 4 hivi chini ya mtutu, na mstari wake hukutana na njia ya risasi mahali pamoja tu, pale ulipopachagua. Mimi nilichagua mita 10, nikawa nageuza skrubu mbili ndogo, moja ya juu na chini, nyingine ya kulia na kushoto, kidogo kidogo baada ya kila risasi tano. Katika mita 5, risasi hupiga sentimita 2 hivi juu ya nukta. Tofauti hiyo ni ndogo, lakini mwenye silaha hana budi kuijua.

Faida kubwa sikuipata kwa risasi. Nyumbani, bastola ikiwa tupu, nimeikagua mara mbili na risasi zimebaki chumba kingine, nilikuwa nafyatua nikitazama nukta ukutani. Kila nilipovuta kifyatulio, nukta iliruka chini kushoto, na kwa miaka yote hiyo mimi nilikuwa nikiyalaumu macho. Mkufunzi wangu aliniambia, "Mzee, usiifukuze nukta. Iache itikisike, wewe vuta polepole." Mkono hauwezi kutulia kabisa, na anayengoja nukta isimame ndipo afyatue hushtua kidole. Baada ya miezi miwili ya dakika kumi kila jioni, mruko ule ulipungua sana. Wajukuu hawaingii chumbani wakati huo, kwa kuwa hata leza ya miliwati 5 inaweza kudhuru jicho.

Msimu wa kusi ulinionyesha mengine mawili: hewa ya chumvi ilitia kutu ncha za betri, nami sasa nazifuta kila wiki, na katika manyunyu mstari mzima wa mwanga huonekana, ukimwelekeza mtu mpaka mahali uliposimama.

Jambo lililobaki nalieleza kwa moyo mzito. Usiku mmoja stima ilipotea, nikasikia nyayo uani. Nilitoa bastola, lakini leza sikuiwasha, kwa sababu kuiona nukta ni lazima uelekeze mtutu, nami sikujua aliyekuwa pale ni nani. Niliuelekeza mtutu chini, nikaita kwa sauti.

"Ami, ni mimi!" Alikuwa mtoto wa ndugu yangu, amerudi mapema kutoka baharini.

Nilikaa kizingitini hadi mikono ilipoacha kutetemeka. Kesho yake nilinunua tochi yenye mwanga mkali ya kushika mkono wa kushoto, na sasa hiyo ndiyo huwaka kwanza. Kijana naye hupiga simu akifika langoni.