Nambari Saba

Jumapili niliapa kwamba wiki hii sipigi simu. Leo ni Jumatano na nimepiga, saa nne na robo asubuhi, baina ya mgonjwa wa kikohozi na mtoto aliyejitia punje ya mahindi puani. Dada wa ofisi ya usajili ya chuo ninakosubiri nafasi ashaijua sauti yangu. Sijamaliza salamu akanidakia: "Wewe si yule wa Mombasa? Bado, kaka. Lakini wawili wameshuka." Nikamuuliza kushuka maana yake nini. Akacheka kidogo. "Wameachia nafasi. Orodha imesogea."

Kwa hivyo wa saba sasa ni wa tano. Barua yangu ingali inasema saba, na mimi nimeizoea saba mpaka imekuwa kama jina la utani.

Kwa asiyenijua: mimi ni tabibu, yaani clinical officer, si daktari. Diploma ya utabibu na upasuaji, miaka mitatu ya darasani na wodini, kisha mwaka mmoja wa uanagenzi. Kituoni kwetu Likoni napima wagonjwa, naandika dawa, nashona majeraha, natahiri watoto wakati wa likizo mpaka mgongo unauma. Wote huniita daktari. Zamani nilikuwa nawasahihisha. Niliacha siku mzee mmoja wa Mtongwe aliponikazia macho akasema, "Sasa kama wewe si daktari, mimi nimevua shati la nini?"

Hapo ndipo nilipo. Kutwa naitwa daktari, na jioni narudi nyumbani kuangalia kama kuna chuo kitakachonikubali nikasomee udaktari. Shahada ni miaka sita. Mimi nina thelathini. Usaili nilifanya Mei, huko bara, nikiwa nimevaa koti la marehemu babangu ambalo mabega yake ni mapana kunishinda. Julai barua ikaja: nimewekwa katika orodha ya akiba, nafasi ya saba, na chini yake sentensi ndefu inayosema kuwa kuwemo katika orodha hii si ahadi ya chochote. Nimeisoma barua ile kama ninavyosoma karatasi ya maabara, nikitafuta ni wapi palipotoka nje ya kiwango.

Mamangu alipoona huzuni yangu alisema, "Si waongeze kiti kimoja tu huko nyuma?" Kwake yeye darasa ni kama karamu ya harusi, mgeni akija watu husogea. Nikamueleza kwamba chuo hakina ruhusa. Baraza linalosimamia madaktari, KMPDC, huangalia skuli ina walimu wangapi na hospitali yake ya kufundishia ina uwezo gani, ndipo ijulikane wanafunzi wangapi wanaweza kuchukuliwa. Na lina haki. Maiti mmoja wa somo la anatomia akizungukwa na watu arobaini, walio nyuma watasoma visogo vya wenzao. Kiti hakiongezwi. Kiti huachwa.

Hili la kuachwa ndilo linaloninyima usingizi, si ile kusubiri yenyewe. Kusubiri nakujua. Mimi ni mtu wa Majengo, kisiwani Mombasa, ninayefanya kazi ng'ambo, Likoni. Kila siku navuka feri mara mbili. (Najua mshaona ninakoelekea. Hapana, sitailinganisha orodha na feri. Kwanza asubuhi umati wote unatoka Likoni kuja kisiwani, mimi naenda kinyume chao, napanda chombo kitupu nikachagua pa kukaa. Mfano wenyewe hausimami.)

Ninachosema ni hiki. Ili mimi nipande, lazima mtu ashuke. Kwa nini mtu anashuka? Wengine hupangiwa na serikali chuo kingine kupitia KUCCPS, shirika linalogawa nafasi za vyuo, ada ikawa nafuu, wakaondoka wakicheka. Wengine huenda kusoma nje. Hao sina neno nao. Lakini wako ambao siku ya kulipa amana imefika na shamba halijauzwa. Wako waliougua. Yuko ambaye babake amekufa mwezi huu, na mtoto mkubwa ni yeye. Wahenga walisema kufa kufaana, na siku zote nilidhani ni maneno ya warithi na wachimba makaburi. Wiki mbili zilizopita nilijikuta namuuliza yule dada wa usajili, kwa sauti ya upole kabisa, kama muda wa wengine kulipa umekaribia kwisha. Nilipokata simu nilinawa mikono. Sikuwa nimemgusa mgonjwa.

Nyanya ndiye aliyenishika. Yeye huniombea kila alfajiri, na ni mtu wa kutaka kujua anaomba nini hasa. Hapendi kumpelekea Mungu maneno ya jumla. Asubuhi moja akiwa bado juu ya msala akaniita. "Hebu nieleze hii orodha yako inakwendaje." Nikamueleza, viti vingapi, walio mbele yangu wangapi, amana, tarehe. Alinisikiliza huku tasbihi ikipita vidoleni, punje moja moja, halafu vidole vikasimama.

"Kwa hivyo ili wewe uingie, watoto wa watu watoke?"

"Ndiyo, nyanya."

"Hiyo siombi." Akafikiri kidogo. "Nitawaombea wapate pazuri zaidi. Wote saba."

"Sita, nyanya. Wa saba ni mimi."

"Na wewe pia," akasema, akaendelea na tasbihi yake.

Sikujua nicheke au nikasirike. Nilimwambia mimi sitaki pazuri zaidi, nataka pale pale. Hakunijibu. Alikuwa ameshanisahau, yuko na Mola wake.

Ami yangu ana maoni mengine, na yeye maoni yake hutolewa barazani, kikombe cha kahawa tungu mkononi, wanaume sita wakisikiliza. Kwake yeye mimi nina kazi, nina mshahara, ninachokosa ni mke. "Unasubiri uingie. Ukiingia usubiri miaka sita. Ukimaliza usubiri serikali ikupeleke uanagenzi. Wewe umeumbwa na nini, mwanangu?" Hapo kwenye uanagenzi sikuwa na la kumjibu. Mgomo wa madaktari wa 2024 ulichukua siku 56, na miongoni mwa madai makubwa yalikuwa hayo hayo ya wanagenzi, kupangiwa vituo kwa wakati na malipo yao. Walikuwako vijana waliokwisha kufaulu mitihani yote, wamekaa kwao wakingoja barua. Ami huyo husikiliza redio kuliko mimi. Nilikunywa kahawa yangu nikanyamaza.

Lakini hajui habari ya leso.

Ilikuwa mwaka jana, msimu wa kusi, mvua ya kukatisha. Aliletwa mama wa mimba ya kwanza, msichana tu, amekaa na uchungu nyumbani tangu usiku wa kuamkia jana yake. Tulimuweka kitandani, mkunga akafungua karatasi ya kufuatilia uchungu, akawa anatia alama zake kila baada ya muda. Mstari ule ukienda vizuri hupanda kama ngazi. Wake ulilala. Mtoto amekwama, na mapigo ya moyo wake yameanza kushuka kila uchungu ukija na kuchelewa kurudi. Huyo ni wa kupasuliwa, na upasuaji huo mimi si wangu. Najua unavyofanywa. Nimesimama nikashikilia vifaa mara nyingi nilipokuwa mwanagenzi. Kujua na kuruhusiwa ni vitu viwili, na nashukuru kwamba ni viwili.

Tukaita ambulensi. Feri huipisha ambulensi njia, magari yote husogea, na hata hivyo kile kivuko kifupi kilikuwa kirefu kushinda safari zote nilizowahi kwenda. Nilikuwa nimepiga magoti sakafuni, mkono mmoja tumboni kwake, mwingine ameukamata yeye na kuuminya mpaka nikasikia mifupa. Tulipofika Makadara (jina rasmi la hospitali ni refu, kwetu ni Makadara tu) daktari wa zamu alikuwa ametutangulia mlangoni. Binti mdogo, sidhani amenifikia umri. Aliniuliza maswali matatu, yote ya maana, nikamjibu. Akasema, "Ahsante, nimempokea." Mlango wa chumba cha upasuaji ukafungwa.

Nilibaki nimesimama upande wa huku, mkononi nakala ya barua ya rufaa na leso ya yule msichana, imelowa maji na damu. Leso ina jina lake, ule msemo ulioandikwa, kama leso zote. Sikulisoma. Niliikunja mara nne, nikaketi nayo mapajani kwenye benchi kama niliyeachiwa mtoto, mpaka muuguzi alipotoka kuniambia kwamba ni wa kiume, kilo 3.2, na analia vizuri.

Yule mama hadi leo akinikuta sokoni Likoni huwaambia watu mimi ndiye daktari aliyemuokoa. Mimi nilimuokoa na nini? Nilimfikisha mlangoni. Ni kazi, na ni kazi kubwa, wala sitaki mtu anifahamu vibaya; tabibu mzuri ndiye anayejua ni saa ngapi aite ambulensi. Ila usiku ule nilijua nataka kuwa upande wa pili wa mlango. Ni hilo tu. Ami akiuliza nimeumbwa na nini, jibu langu ndilo hilo, na ni jibu lisilosemeka barazani.

Sasa habari ya Nane. Siku ya usaili nilikaa benchi moja na muuguzi mmoja kutoka Voi, tukagawana karanga zake, tukabadilishana nambari za simu. Barua zilipokuja alinipigia. "Mimi nane. Wewe je?" Nikamwambia saba. Kimya. Halafu: "Basi uko mbele yangu, kaka, na kuanzia leo sikupendi." Tukacheka sana. Tangu hapo hatuitani majina. Yeye ni Nane, mimi ni Saba. Tungekuwa Tanzania tungekuwa sikukuu mbili, Saba Saba na Nane Nane. Kila asubuhi hunitumia salamu, na mimi humpelekea habari za yule dada wa usajili, maana yeye anaona haya kupiga.

Nane ni mkweli kuniliko. Juzi alisema, "Saba, mimi naomba uitwe chuo kikubwa zaidi ya hiki." Nikamwambia nyanyangu pia anaomba hivyo hivyo. "Basi tuko wawili," akasema.

Na hapa ndipo palipobana. Nikiitwa nina siku tatu za kulipa amana, shilingi 180,000. Sacco yetu hukopesha mara tatu ya akiba, na akiba yangu inatosha kabisa, lakini wanataka wadhamini watatu. Wawili wametia sahihi. Wa tatu, mwenzangu wa chumba cha sindano, amesema atamuuliza mkewe kwanza, na sasa kila akiniona kibarazani huingia chooni. Karani wa sacco naye ameniuliza swali zuri: nikienda kusoma, mshahara wa kukatwa mkopo utatoka wapi? Swali zuri sana. Nilimwambia nitarudi.

Mamangu hakusema kitu. Ijumaa iliyopita, wakati wa staftahi, aliweka bangili yake ya dhahabu mezani, karibu na sahani ya mahamri, kama mtu anayeweka chumvi. Ni ile aliyovishwa siku ya harusi yake. Nilikwenda nayo kwa sonara Mji wa Kale. Akaipima, akaisugua kwenye jiwe lake, akaniangalia, akanitajia bei. Bei ilitosha. Nikamwambia nitarudi. Wiki hii nimewaambia watu wengi kwamba nitarudi.

Masomo yanaanza Jumatatu ya wiki ijayo, na orodha hufungwa wiki mbili baada ya hapo. Siku hizo ndizo watu hushuka kwa wingi, kwa kuwa ndipo ahadi za ami na khalu hujulikana zipi ni za kweli.

Jioni hii nikiwa kwenye feri, Nane amenipigia. Nilimpa habari za wawili walioshuka. Akafurahi, kweli kweli; nilisikia. Kisha akaniuliza, taratibu, kama vile nilivyomuuliza mimi yule dada wa usajili:

"Kaka, ukiitwa, pesa zipo?"

Bangili ilikuwa mfukoni, imefungwa katika kitambaa. Niliishika.

"Zipo," nikamwambia.