Jinsi Tulivyopumzika Kando ya Mto Colorado

Mwezi wa Februari, baada ya muda mrefu wa kufanya kazi ya zamu za usiku, mimi na mke wangu tulikodi gari la kambi, lile lenye kitanda, jiko, friji na choo ndani yake, tukaenda kukaa siku tano kando ya Mto Colorado, chini ya bwawa la Parker, ambapo mto huo ni mpaka kati ya majimbo ya Arizona na California nchini Marekani. Sikuwa nikitafuta matembezi wala vivutio. Nilichokitaka ni usingizi.

Tuliuchagua mwezi huo makusudi. Wakati wa kiangazi joto la huko hupita nyuzi 40 za Selsiasi, na mto hujaa maboti ya injini yanayonguruma kutwa nzima, ilhali majira ya baridi mchana huwa na joto la wastani na usiku huhitaji blanketi zito. Tulifika pia katikati ya wiki, na nyuma yetu hapakuwa na gari lingine hadi kwenye kichaka cha mesquite, mti wa jamii moja na mathenge, wenye miiba ileile ya kutoboa kandambili.

Kuliegesha gari kulituchukua karibu saa nzima, na sijutii hata dakika moja. Tulikuwa upande wa California, kwa hiyo mto ulikuwa mashariki yetu. Tuliuelekeza mlango na turubai la kivuli majini, ili kuanzia adhuhuri gari lenyewe litukinge na jua la magharibi. Kisha nikaweka pimamaji sakafuni na kupanga mbao chini ya magurudumu mpaka likakaa sawa, kwa sababu friji inayotumia gesi haipoozi vizuri ikiwa imeinama, na kulala kichwa kikiwa chini ya miguu si kupumzika.

Jambo lililotaka hesabu zaidi ni maji, hata tukiwa hatua chache tu kutoka mtoni, kwani maji ya mto si ya kunywa bila kutibiwa. Tangi letu lilichukua lita 150, na mahali petu hapakuwa na bomba. Tuliamua kutumia lita 30 kwa siku, tukayaweka ya kunywa kando katika madumu. Vyombo tulivifuta kwa karatasi kabla ya kuviosha, na kuoga kulikuwa kwa beseni dogo na taulo. Watu wengi huangalia kipimo cha maji safi peke yake, lakini tangi la majitaka likijaa hukufukuza vilevile, maana haifai kabisa kuyamwaga ardhini. Ni lazima yapelekwe kwenye shimo lililotengwa kwa kazi hiyo.

Umeme ulitoka kwenye paneli za sola zilizokuwa juu ya paa. Ulitutosha kwa taa na kuchaji simu, na jenereta hatukuiwasha hata mara moja.

Kuhusu mto wenyewe, nilitarajia maji mekundu, kwa kuwa jina Colorado kwa Kihispania hutaja rangi hiyo, lakini nilikuta kijani kibichi, maangavu hata mawe ya chini yakionekana. Udongo uliokuwa ukiupa mto rangi yake sasa hutuama nyuma ya mabwawa makubwa yaliyo juu. Bwawa la Parker, lililokamilika mwaka 1938, linashikilia Ziwa Havasu, ambalo maji yake husukumwa kupitia jangwani hadi Los Angeles upande mmoja na Phoenix upande mwingine. Kiasi cha maji kinachofunguliwa kutoka bwawani hutegemea mahitaji ya mashamba na ya umeme, kwa hiyo mto hupanda na kushuka ndani ya siku moja. Siku ya kwanza nililala kitini ukingoni, nikaamshwa na maji yaliyokwisha kufika vifundoni. Tangu hapo nilikuwa nikichomeka kijiti mchangani kuweka alama ya maji yalipofika, na kuweka kiti changu juu zaidi ya hapo.

Saa nayo ilinisaidia kwa namna ambayo sikuitazamia. Majira ya baridi Arizona iko mbele ya California kwa saa moja, na simu yangu ilikuwa ikibadilika kila iliponasa mnara wa ng'ambo. Niliizima nikaiweka kabatini. Tulikula njaa ilipouma, tukalala giza lilipoingia, na kufikia usiku wa tatu nilikuwa nikilala moja kwa moja hadi alfajiri, jambo ambalo lilikuwa limenipotea kwa muda mrefu.

Usiku wa nne upepo wa jangwani ulivuma ghafla. Kwa bahati mke wangu alikuwa amesisitiza turubai likunjwe kila jioni, hata anga likiwa shwari, na ningemshauri kila mtu afanye hivyo. Asubuhi punda-mwitu watatu, wa kizazi cha wale walioachwa na wachimba madini wa zamani, walishuka kunywa maji, nasi tukawatazama dirishani bila kusema neno.

Siku ya kuondoka nilianza kutoa mbao magurudumuni. Mke wangu akachungulia vipimo vya matangi yote mawili, akasema, "Mume wangu, maji ya siku moja bado yapo, na la majitaka halijajaa." Nikazirudisha mbao.