Nilivyopatana na kidonge kilichonikesha

Shemeji yangu ndiye aliyeniponza. Siku nilipoandikiwa setralini kwa ajili ya sonona, alikigeuzageuza kidonge kiganjani, akatoa hukumu: "Hii si dawa ya kichwa, shemeji? Imeze ukipanda kitandani, utalala kama pono." Daktari hakutaja saa, nami sikuuliza. Wiki mbili mfululizo nikawa naamka saa nane, saa tisa, saa kumi, kila mara kama niliyegongewa mlango.

Nikanunua saa ya mkononi inayopima usingizi. Bei yake tusiitaje, mke wangu husoma ninayoandika. Ikaniambia kwamba usingizi wangu wa ndoto umekaribia sifuri. Hapo ndipo nilipofanya ujinga ambao mpaka leo nikiukumbuka nacheka peke yangu: nikaacha dawa kwa mkupuo, Ijumaa usiku, bila kumwambia mtu.

Jumamosi salama. Jumapili nikianza kugeuza macho kushoto, tss! shoti ndogo ndani ya kichwa. Nikigeuza kulia, tss! Nikawa natazama mbele tu kama farasi wa mkokoteni. Usiku ndipo lilipokuja lenyewe. Nilifukuzwa na kabati la nguo la marehemu babu, lina miguu ya mbuni na linanidai kodi. Nikaamka natota jasho, nikanywa maji, nikarudi kulala, na kabati likaendelea pale pale lilipoachia, safari hii limekuja na stakabadhi. Usiku wa tatu lilileta shahidi. Nilikuwa nimeililia ndoto. Basi nikapewa za mwezi mzima kwa siku nne.

Daktari alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka, kisha akanigombeza vizuri. Dawa hizi haziachwi ghafla. Hupunguzwa kidogo kidogo, naye akiwa anajua. Akaeleza kwamba chembe za shina la ubongo zinazotoa serotonini, kemikali ya kupelekeana ujumbe ubongoni, hufanya kazi tukiwa macho, hupungua tukilala, na usingizi wa ndoto ukiingia hunyamaza kabisa. Setralini huizuia serotonini isirudishwe ndani ya chembe, kwa hiyo ule ukimya haupatikani kirahisi. Serotonini inaendelea kugonga vipokezi vyake, yaani sehemu za chembe zinazoupokea ujumbe, hasa vile vya aina ya 1A, na mlango wa ndoto unachelewa kufunguka. Ukiitoa dawa ghafla, mlango unavunjwa. Kabati likapata maelezo.

Nikarudishiwa dozi, ila sasa asubuhi, pamoja na chai. Hilo tu. (Wapo wanaosinzia wakikimeza, hao jioni ndiyo inawafaa.) Alitaja pia mitazapini, dawa nyingine ya sonona, ambayo huziba vipokezi vya serotonini vya aina ya 2A na 2C pamoja na vya histamini, kemikali inayotuweka macho, na watu huilalia kwelikweli. Lakini huleta njaa, na mimi njaa ninayo ya kutosha bila msaada wa mtu.

Kwa ubishi wangu nikaomba kipimo cha kweli, usiku mmoja kwenye maabara ya usingizi. Fedha iliyonitoka ilizidi ile ya saa, tena mbali. Walinibandika nyaya kichwani, pembeni mwa macho na kidevuni. Daktari Mjerumani Hans Berger alinasa mawimbi ya ubongo wa binadamu mwaka 1924, lakini gundi inayotoka kwenye nywele kwa mara moja bado haijavumbuliwa.

Majibu yalinipendeza. Mawimbi makubwa ya polepole, yale yasiyofika 4 kwa sekunde, yalikuwepo ya kutosha: usingizi mzito ninao. Ndoto ya kwanza ilikuja baada ya zaidi ya saa tatu, wakati kwa kawaida huja baada ya dakika 90 hivi. Mtaalamu akanionyesha pia macho yangu yakicheza ndani ya usingizi usio wa ndoto. Wenzake huyaita macho ya Prozac, kwani waliyaona kwanza kwa watumiaji wa dawa hiyo, ndugu wa setralini. Hayakumshtua, wala usingizi wa ndoto kupungua hakukumshtua. Kwa dawa za aina hii ni kawaida, na mtu huweza kupata nafuu ya sonona hivyo hivyo.

Niliporudi nyumbani nikaipima ile saa. Nikakaa kwenye kochi, mkono juu ya mto, nikaikodolea dari saa nzima bila kutikisika. Ikaniandikia dakika 40 za usingizi, 12 kati yake "mzito"! Masikini, inaona mapigo ya moyo na mkono uliotulia. Ubongo itauonea wapi? Nimempa shemeji, anaipenda sana.

Siku kumi hivi baada ya kuhamia asubuhi, nilianza kulala mpaka saa kumi na moja. Ndoto huja alfajiri tu, fupi fupi. Kabati halijarudi.