Tari la Mama na Ukuta wa Kota

Tari la mama lina kiraka. Tulipogawana vitu vyake kule Tanga, baada ya arobaini, kaka alichukua msahafu na saa ya ukutani, mdogo wetu akachukua kanga zote, mimi nikaomba tari. Hakuna aliyebisha. Ngozi imelegea, mbao imeliwa na mchwa upande mmoja, na karibu na ukingo pana kile kiraka cha ngozi ya mbuzi, kimeshonwa kwa uzi wa magunia. Fundi yeyote angemwambia aliwambe upya. Waliomwambia walikuwepo, hakuwasikiliza. Alinunua jingine la kupigia harusini, hili akalitundika.

Lilipoungua nilikuwepo. Nilikuwa na miaka tisa.

Mama alizaliwa Ngamiani, na kabla ya kuolewa alikuwa mwitikiaji wa taarabu, enzi ambazo Tanga ilikuwa na vilabu vya taarabu na watu wakivigombania kama leo wanavyogombania Simba na Yanga. Yeye hakuwa na jina kubwa. Alikuwa na sauti ya pili, ile isiyosikika mpaka ikikosekana, na mkono mwepesi wa tari. Baba, Myao wa Tunduru, askari, alimwona harusini akatuma posa. Bibi hakufurahi. Alisema mwanajeshi hata nyumbani kwake ni mgeni, lakini mahari alipokea.

Basi akawa mke wa kambi. Nachingwea, kisha Tabora. Uhamisho ukija, mizigo ilifungwa kwenye lori; tari lilisafiri mapajani mwake. Tulipoteza godoro moja na kabati la vyombo njiani na sikumbuki akilalamika.

Tabora tulikaa kota za mstari mrefu, kila nyumba mbili zikigawana ukuta mmoja. Upande wa pili alikaa Mama Pacha, mke wa koplo, ambaye hakuwahi kuisikia taarabu mpaka mama alipomfundisha. Alimwanzisha na mkwasa: vijiti viwili, ti-ti-ta, ti-ti-ta, usiwahi, usichelewe. Walikuwepo pia Mkurya aliyecheza kwa mabega badala ya kiuno na Mnyakyusa aliyeimba kama yuko kwaya. Mama aliwachukua wote kama walivyo. Walitunga mashairi ya foleni ya sukari, ya afande mwenye kitambi (hilo waliliimba kwa sauti ya chini), na la mwanamke anayepika mboga ya watu sita kwa nyanya moja. Ukuta ule nao ulikuwa simu. Ukihitaji chumvi au kibiriti, ulibisha mara mbili ukazunguka nyuma kuchukua.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yakavuka mpaka. Tarehe 2 Novemba tulijazana kwenye redio yetu ya Philips, ile ya kutengenezwa Arusha, tukamsikiliza Mwalimu: uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Watoto tulishangilia. Mama alikuwa anakunja sare za baba, na aliendelea kukunja. Siku chache baadaye wanaume wakaondoka usiku kwa treni ya Mwanza, na kambi ikabaki ya wanawake, watoto na wazee wachache wa stoo.

Kilichotutisha miezi ile kilikuwa Land Rover. Ikiingia mchana kwa mwendo wa polepole, ina afande mmoja na shehe au padri pembeni, kila mlango ulijaa. Hakuna aliyepumua mpaka ijulikane imesimama wapi. Mama, kama alikuwa anapiga, alililaza tari kifudifudi juu ya kitanda. Halikuinuliwa tena mpaka siku ambayo mwenye msiba mwenyewe angeuliza mbona hampigi.

Mwezi wa tatu ilisimama kwa Mama Pacha. Mumewe alikufa huko Lukaya, Uganda. Amelala Kaboya, Muleba, pamoja na wenzake. Mama Pacha akaingia eda ya miezi minne na siku kumi. Pacha wake wakahamia kwetu, tukalala watano kwenye mkeka mmoja. Kwa mwezi mzima ukuta haukubishwa. Chumvi yake mama alikuwa anampelekea kabla hajaomba.

Kisha ikaja Jumatano, tarehe 11 Aprili. Kampala imeshikwa. Sijui nani aliisikia kwanza, ila ninakumbuka vigelegele vikianza nyumba za mwisho na kuja kwetu mlango kwa mlango kama mvua juu ya mabati. Masufuria yakapigwa. Mkurya akaja anakimbia, kanga imemtoka, anapiga kelele, "Mama, tari! Leta tari!"

Sitampamba mama yangu. Hakufikiri. Alicheka mpaka nikaona pengo lake la nyuma, akalirukia tari ukutani, akaenda nalo kwenye jiko la mkaa kulipasha, maana ilikuwa masika na ngozi ilikuwa imelala kabisa. Alilizungusha juu ya makaa kama anavyogeuza chapati, anagonga kwa kidole, anasikiliza, anazungusha tena. Wenzake wakatangulia kwenye miembe.

Halafu akaacha kuzungusha.

Alikuwa anautazama ukuta. Mkono umeshika tari palepale juu ya moto, na hausogei. Nilianza kunusa nywele zilizoungua. Nikasema, "Mama." Hakunisikia. Ngozi ikatoa mlio mkavu, ikapasuka pembeni, ndipo akaivuta.

Tukakaa. Nje wanaimba kwa vifijo, bila tari, mdundo unawapotea, na mama, hata katika hali ile, alikunja uso kila walipowahi.

Ndipo ukuta ukabishwa. Si mara mbili. Polepole, kwa kitu kama kijiko: ti-ti-ta. Ti-ti-ta. Mama aliinuka, akaenda kukaa chini mgongo ukiwa ukutani, tari lililoungua kifuani, akajibu kwa ncha za vidole. Halikutoa sauti ya maana, ilikuwa kama mtu anakung'uta shuka. Waliendelea hivyo muda mrefu. Nilisinzia wakiendelea.

Kaka anabisha habari hii mpaka leo. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na anasema Mama Pacha alikuwa anagonga tunyamaze, tumheshimu marehemu, na mimi nimejaziliza mdundo kwa sababu nampenda mama. Huenda. Lakini kaka hakuwahi kushika mkwasa.

Baba alirudi mwaka uliofuata, amekonda, hapendi kelele. Mama Pacha akahamia kwao Singida na watoto wake.

Nilimuuliza mama mara moja tu, alipokuwa mgonjwa, nikiwa namkanda miguu. Usiku ule wa Kampala, Mama Pacha alikuwa anasema nini?

Alifikiri kidogo.

"Alikuwa anataka chumvi," akasema, akageukia ukutani.